Mwaka Niliowamaliza Mbweha wa Kapseret

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Kapseret, enzi zile mtu angetoka mlangoni kwetu akatembea hadi mtoni bila kukutana na fensi ya mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mke wa mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nimesimama kwenye nyasi zenye umande, nikiangalia mwanakondoo wangu wa tatu aliyeuawa. Mbweha walikuwa wamemla tumbo na kuacha kichwa na miguu ya nyuma. Mama yake alisimama hatua chache kutoka pale akimwita, chuchu zimejaa maziwa, haelewi kwa nini haitikiwi.

Mwanangu, kabla hujanihukumu, jua kwanza kondoo wale walikuwa nini kwangu. Siku niliyoolewa, mama yangu alinipa majike sita. Aliwaleta mwenyewe kwa miguu, safari ya siku mbili, akanikabidhi kamba akisema, "Ng'ombe ni wa mwanamume. Hawa ni wako. Usije ukawa mwanamke wa kuomba chumvi." Mwaka huohuo mama yangu alifariki. Kwa hiyo nilipokuwa nikiwatazama kondoo wale wakila nyasi, nilikuwa naona mkono wake. Na mtu akiguswa pale alipoguswa na mamake, hapimi neno wala tendo.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mbao, anakuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Nilibaki na baba mkwe, Mzee Kimaru, mjane, mtu wa maneno machache. Kwetu mke wa mwana hamsogelei baba mkwe ovyo. Namwekea chakula mezani naondoka. Akiniuliza neno, namjibu nikiangalia chini. Mzee alikuwa na nyonga mbovu, na kazi yote ya kukimbia aliifanya mbwa wake, Askari, mbwa wa kahawia aliyekatika sikio moja. Mzee alikuwa akisimama pale penye mwinuko na kupiga mluzi, na Askari anawazunguka ng'ombe wote na kuwaleta nyumbani polepole, bila kumuuma hata mmoja.

Nilipopoteza mwanakondoo wa kwanza, nilimwambia Mzee. Alijibu bila kugeuka, "Ni mbweha. Kondoo asizae nje. Mfungie karibu na nyumba, na mtoto asitoke mpaka apate mwezi mmoja na nusu."

Moyoni nikasema, huyu mzee ananiongezea kazi. Kukamua ni mimi, kuteka maji ni mimi, kupalilia mahindi ni mimi, na sasa nianze kujenga nyumba za kondoo? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nilifundishwa shuleni, na niliiandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri sana. Kuiandika ni rahisi.

Basi asubuhi ile ya mwanakondoo wa tatu, sikurudi kwa Mzee. Nilienda kwa jirani mmoja ambaye mume wake alikuwa kibarua kwenye shamba kubwa ng'ambo ya mto. Huko, aliniambia, mbweha walimalizwa zamani. Akanipa sumu iliyofungwa kwa kitambaa. Sitakuambia ilikuwa sumu gani, na nisingependa ujue. Mchana huohuo niliitia kwenye mzoga wa mwanakondoo, nikauburuta hadi kando ya kinamasi, nikanawa mikono mara tatu, nikarudi kupika. Sikumwambia mtu yeyote.

Kesho yake nilikuta mbweha watatu wamelala kwenye nyasi. Mmoja alikuwa jike anayenyonyesha. Nilisimama nikamwangalia, nikafurahi. Nasema ukweli, mwanangu, kwa sababu uzee hauna haja ya kujipamba. Nilifurahi. Furaha ile inaniaibisha hadi leo kuliko kosa lenyewe.

Hatua chache mbele nikaona tai wawili, mabawa yametandazwa chini kama nguo zilizoanguka kutoka kwa kamba. Hao sikuwa nimewakusudia. Nikaharakisha kurudi nyumbani. Na pale ng'ombe wanapokunywa maji, nikamkuta Mzee Kimaru ameketi chini, mguu wake mbaya umenyooshwa, mkono wake uko juu ya shingo ya Askari. Askari alikuwa amekufa.

"Nafikiri ameumwa na nyoka," Mzee alisema.

"Pole, Baba," nikajibu. Nikaingia jikoni kupika uji.

Siku ile Mzee aliwafuata ng'ombe mwenyewe. Nilimwona kupitia dirishani akipanda mwinuko, anasimama, anashika nyonga, anaendelea. Ng'ombe mmoja mkorofi alikuwa akimtoroka, naye anaenda kumrudisha kwa mwendo uleule. Nilitaka kwenda kumsaidia nikashindwa kwa sababu niliona nikifika karibu yake atanisoma usoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nimeficha, na nilikuwa bado na matumaini ya kuficha.

Jua lilipoanza kuinama nilishuka bondeni kuchuma mboga. Nikapita pale kando ya kinamasi. Mzoga haukuwepo.

Nilizunguka mara mbili nikidhani nimekosea mahali. Damu kavu ilikuwepo kwenye nyasi, lakini mzoga umechukuliwa. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo hasira haikuniruhusu kulikumbuka jana yake. Kijia cha kando ya kinamasi ndicho walichopita watoto watatu wa Mama Tecla kila siku kuokota kuni. Mama Tecla alikuwa mjane, jirani yetu wa tatu, na nyumbani kwake nyama ilikuwa inaingia kwa nadra. Mwanakondoo mchanga, miguu yake ya nyuma bado mizima. Mtoto mwenye njaa akimwona ataona nini? Ataona bahati.

Sikumbuki nilivyopanda kile kilima. Nakumbuka tu nikiwa mbele ya baba mkwe, na kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni.

"Baba, si nyoka. Ni mimi."

Nikamwambia yote. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Mzoga uko wapi sasa?"

"Sijui, Baba. Umechukuliwa."

Akachukua fimbo yake. "Twende."

Angeweza kunituma peke yangu, na angeweza kwenda yeye akaniacha ndani na aibu yangu. Tulienda pamoja, jambo ambalo watu wa wakati ule hawakuzoea kuliona, baba mkwe na mke wa mwana wakifuatana boma kwa boma. Kila tulipofika alisimama langoni na kusema, "Rael ana neno la kuwaambia." Kisha ananiachia mimi niliseme. Nyumba ya kwanza hawakuwa wameona kitu. Nyumba ya pili mwenye boma aliniangalia jinsi watu wanavyomwangalia mchawi. "Mbwa wangu hajarudi tangu asubuhi," alisema, akatugeuzia mgongo.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Mama Tecla. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, na tulipokaribia, nikasikia harufu ya nyama.

Mama Tecla akatoka akifuta mikono kwa leso, anatabasamu, anatukaribisha. Nilimgeukia Mzee. Kwa hivyo Mzee akauliza yeye, swali ambalo mwanamume wa heshima hamuulizi mwanamke wa boma jingine.

"Mama Tecla, samahani sana. Umepika nini?"

Alishangaa, nikaona ameumia kidogo. "Ni jogoo, Mzee. Kaka yangu amekuja kunitembelea. Kwani kuna nini?"

Manyoya ya jogoo yalikuwa pale karibu na mlango, mekundu kwa meusi. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia. Nilipoweza kusema, nikamwambia. Hakunitukana. Aliwaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, mpaka wote watatu wakasimama mbele yake. Akawashika vichwa, mmoja baada ya mwingine, akawauliza kama wameokota kitu bondeni. Wakasema hapana. Ndipo akanigeukia.

"Rael, ungeniambia tu," alisema. "Ningewakataza watoto wasipite huko."

Mwanangu, nimewahi kusemwa vibaya maishani. Hakuna tusi lililowahi kunichoma kama maneno yale ya upole.

Mzoga tuliupata kabla giza halijaingia. Mbweha wa nne alikuwa ameuburuta hadi ndani ya matete na kufia kando yake. Mzee hakuweza kuchimba kwa sababu ya nyonga, kwa hiyo nilichimba mimi, shimo la kina cha kiuno changu, naye akasimama karibu akiniambia ongeza, ongeza kidogo. Tukazika mzoga, mbweha na tai. Juu yake tukapanga mawe. Askari tulimzika nyumbani.

Siku ya pili yake Mzee aliniita nimfuate kwenye malisho. Nilijua karipio linakuja, na nilikuwa nalingoja kama mtu anavyongoja sindano, heri liishe. Alinipeleka kwenye kichuguu ambapo mbweha walizoea kuacha mavi yao. Akavunja donge moja kavu kwa ncha ya fimbo.

"Unaona nini?"

"Nywele, Baba."

"Za panya. Na hili?"

"Panya tena. Na hizi ni mbawa za panzi."

Akavunja la tatu, likawa na mfupa mdogo wa fuko, yule mnyama anayechimba chini na kula mizizi ya nyasi na viazi. Akavunja la nne, na hapo ndani palikuwa na manyoya meupe yaliyojikunja.

"Hayo ni ya mwanakondoo wako," alisema. "Sikudanganyi. Mbweha ni mwizi. Lakini siku anayokuibia ni moja, na siku nyingine zote anakufanyia kazi, na hukuwahi kumlisha."

Kisha akaketi, akanyoosha mguu wake.

"Kuwalinda kondoo wako ni haki yako," akasema. "Mfugaji asiyeumia akipoteza mnyama, huyo si mfugaji. Nisingekukasirikia hata kama ungempiga mbweha kwa rungu ukimkuta na mwanakondoo mdomoni. Rungu linajua linakoenda. Ulichotumia wewe hakijui. Ukikiweka chini, hakiko tena mikononi mwako, na hakitakuuliza nani apone."

Hilo ndilo lilikuwa karipio lote. Hakulirudia mpaka alipokufa.

Sasa nisikufiche upande wa pili. Mwaka uliofuata sikupoteza mwanakondoo hata mmoja. Nilizalisha wengi, wote wakakua, na moyoni kulikuwa na kasauti kanakosema, si unaona, ulifanya vizuri. Lakini paka akiondoka, panya hutawala. Walianza kwenye nyasi. Ukitembea malishoni unawasikia wakikimbia chini ya miguu. Fuko nao walichimba, vichuguu vya udongo kila mahali, na mtamba wetu mmoja akatumbukiza mguu kwenye shimo ukavunjika, tukalazimika kumchinja. Wakaingia ghalani. Tulikuwa tukifungua gunia la mahindi tunakuta maganda na mavi.

Tena kulikuwa na mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Zamani ng'ombe akizaa, kondo la nyuma likianguka malishoni, kesho yake halipo. Ndama akizaliwa mfu kwenye kichaka, kesho yake hayupo. Nani alikuwa anasafisha? Mwaka ule vitu hivyo vilioza hapohapo, na harufu ikawaita mbwa koko kutoka sokoni. Mbweha huchukua mwanakondoo. Mbwa koko wale waliwashika kondoo wakubwa mchana, wawili kati ya wale sita wa mama yangu, wakawararua, wala hawakuwala wakawamaliza.

Sisemi yote yalitokana na mkono wangu. Mvua ilikuwa nzuri, mahindi yalikuwa mengi, na panya hupenda shibe. Nilimuuliza Mzee, akasema hajui. "Lakini," akasema, "ukiondoa jiwe moja kwenye mafiga, usiulize kwa nini sufuria imeinama."

Mbweha walirudi mwaka wa tatu, wageni kutoka ng'ambo. Walinikuta nimejenga boma kama Mzee alivyonielekeza: nguzo zimebanana, miiba juu, karibu na dirisha langu, na chumba cha pembeni cha majike waliokaribia kuzaa. Tulipata mbwa mwingine, mchanga, nikamlea mimi. Toka hapo nilipoteza mmoja mwaka huu, hakuna mwaka ule, siku moja wawili kwa mpigo. Kila mmoja aliniuma. Usidhani hekima ni dawa ya maumivu.

Na usidhani pia Mzee Kimaru alikuwa mpole kwa kila chenye meno. Alitokea fisi mmoja ambaye alivunja boma letu, akarudi akavunja tena, kisha akaanza kuvunja ya majirani. Mzee aliwaita wanaume, wakatuma habari kwa maafisa wa wanyamapori, na fisi yule akauawa. Nilimuuliza kwa nini huyu auawe na wengine waachwe. "Huyu ameujua mlango," alisema. "Wenzake hawaujui. Sitawaadhibu kwa kosa la mmoja."

Mbona nakusimulia haya leo? Mwezi uliopita alikuja mjukuu wangu Jerono. Anaishi mtaa wa Pioneer mjini, lakini kondoo wake anawafugia hapa kwangu Kapseret, kwenye kipande kilichobaki baada ya kugawa na kugawa. Alishuka kwa boda boda akapita bila kunisalimia, moja kwa moja hadi bomani. Fisi alikuwa amechukua majike wake wawili waliokuwa wajawazito. Alisimama pale akiangalia damu, na mimi nikaona msichana mwingine, wa zamani, kwenye umande.

"Kogo," akaniambia, maana ndivyo tunavyowaita bibi zetu, "kuna dawa inauzwa. Rafiki yangu ameitumia."

Sikumjibu kwa methali. Nilimkalisha, nikampa chai, tukawalilia kondoo wake kwanza. Mtu aliyepoteza mali yake hafundishiki kabla hajafarijiwa. Baadaye nikamwambia habari za Askari na za sufuria ya Mama Tecla. Kisha akauliza, "Na kama atarudi, Kogo?"

"Anaweza kurudi," nikasema. Sikumdanganya. "Tutengeneze boma leo, na tuwapigie maafisa simu waje waone. Na majirani tuwaambie, kila mtu afunge wake."

Aliahirisha kazi yake mjini siku mbili. Tukaweka waya imara, tukaufukia chini ili asichimbe, tukabadilisha mlango. Wiki iliyopita aliniambia nyayo zimeonekana tena zikizunguka nje ya boma, halafu zikaenda zake. Kondoo wote wapo. Labda kesho hatutakuwa na bahati hiyo. Hata hivyo usingizi wake, na wangu, ni wa watu ambao hawana sumu iliyolala nje ikimngoja mtoto wa jirani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukifuga, jua kwamba mnyama mkali atakugharimu, na asikudanganye mtu kwamba hatakugharimu. Jua pia kuna kazi anayoifanya ambayo hutaiona mpaka siku itakapokosa mfanyaji. Pima pande zote mbili, na usipime siku ya hasira, maana siku hiyo mizani yako ina kidole juu yake. Anza na mlango wako kabla ya meno ya mwingine: funga vizuri, zalisha ndani, lea mbwa mwema. Akitokea mmoja aliyeujua mlango, shughulika na huyo mmoja, hadharani, pamoja na majirani na wenye mamlaka. Jambo la malisho ambalo huwezi kumwambia jirani yako, usilifanye.

Nawe mwingine unayeishi mtaa wa Elgon View mjini, kwenye nyumba yenye bustani, unayependa kusikia kwamba mbweha na fisi bado wapo hapa kwetu Uasin Gishu, usimcheke anayewalilia kondoo. Yeye ndiye anayewalisha hao wanyama unaowapenda. Ukiweza, msaidie kununua waya. Usipoweza, mwambie pole, na uimaanishe.

Mungu aliyeumba kondoo na akaumba na anayemla, akupe moyo wenye nafasi ya wote wawili. Malisho yako yawe na umande, majike wako wazae salama, na watoto wa jirani yako wapite kwenye njia zako bila madhara. Ukikosea, na utakosea, upate mtu wa kukuambia "twende", na wewe upate nguvu ya kuinuka na kumfuata. Iwe hivyo kwako, na kwa watakaokuita mzee.